Miaka Minne ya Sarakasi

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Nafasi moja! Klabu ya sarakasi, ile ya darasa la kwanza kabla ya kengele ya asubuhi, imebakiza nafasi moja tu. Na kitindamimba wangu, Kitinda, ameshaliua godoro langu kwa kupiga vichwangomba. Ameapa akikosa hatakula. Mama Mapacha, jirani yangu, wanawe wawili wameshaingia. Ametangaza mpaka kwa wateja wangu wa cherehani!

Fomu nimeijaza nikiwa nimesimama, kwa mkupuo mmoja. Kusoma maelekezo ni kazi ya wasiojua kuandika. Uzoefu: miaka minne. Uwezo: kutembea kwa mikono, na kinyumenyume pia. Tatizo lolote: hukojoa kitandani radi ikipiga. Mimi mkweli.

Jumanne, tarehe 4

Ujumbe wa mwalimu wa klabu: umekubaliwa, kesho saa kumi na mbili na nusu, njoo na nguo za mazoezi. Nilipiga kigelegele, mteja akadhani nimejidunga sindano. Nikampitia Mama Mapacha kumwambia wanawe wasiogope, Kitinda hatawadharau.

Jumatano, tarehe 5

Jamani! Mwalimu kamketisha Kitinda kwenye benchi, kanivika mimi filimbi. Mimi! Kumbe fomu ilikuwa ya mzazi wa kusaidia kufundisha. Mzazi akipatikana, na mwanawe anaingia. Mwalimu akaninong'oneza, kwa sauti ya kusikika getini, kwamba lile la radi lisinitie aibu. Mama Mapacha, hapo getini, alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikikana, nafasi ya Kitinda inakwenda na maji. Mwalimu akawasomea watoto uwezo wangu, neno kwa neno. "Haya shoga," Mama Mapacha akasema, "anza na kinyumenyume."

Nikainua miguu. Ilipanda! Ikaegemea ukuta, ikagoma kushuka. Watoto kumi na wanane wakashangilia, wakataka tena. Kitinda peke yake alipiga ukelele: "Mama, shuka, unaniharibia!"

Alhamisi, tarehe 6

Shingo haigeuki. Baba Watoto ananikanda huku akicheka mpaka kwikwi. Eti miaka minne ya sarakasi, na vidato vitatu vya mlangoni napumzika katikati. Kitinda hacheki. Kaniuliza, macho yamemwiva, kama watamtoa kwa sababu yangu. Kesho nakwenda kukiri. Mimi, kukiri!

Ijumaa, tarehe 7

Nimekwenda kukiri, shingo upande kwelikweli. Mwalimu akaitoa fomu yangu. Alijua tangu Jumatatu: kwenye umri niliandika sita! Alidhani nimetania, naye akanitania. Alichotaka ni mtu mzima wa kufunga kamba za viatu, basi. Nafasi ya Kitinda ipo palepale.

Na Kitinda akaruka. Kichwangomba kimoja, safi, akatua kwa miguu miwili kama paka. Mama Mapacha mwenyewe akapiga makofi! Nililia filimbi ikiwa mdomoni, ikalia nayo.

Ndipo mwalimu akatoa fomu nyingine: klabu ya kuogelea, baada ya masomo. Safari hii nimesoma kila neno, kidole juu ya mstari. Uzoefu wa mzazi. Wa mzazi, nimeelewa. Mimi maji yakinifika magotini huita watu.

Lakini Mama Mapacha alikuwa akinichungulia begani.

Nimeandika: miaka kumi, chali na kifudifudi.