Mtambo Wangu Haulali

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mkuu wa kituo ametukusanya na kutangaza kwamba Alhamisi anakuja mtaalamu kutoka makao makuu. Wanaandaa mpango wa umeme wa miaka ishirini. Umeme safi usiochafua hewa: jua, upepo, maji. Vituo vya gesi kama chetu vitaangaliwa kimoja kimoja, kipi kibaki, kipi kifungwe.

Tumekalia kuti kavu! Siku hizi mtambo wetu unawashwa jua likizama na kuzimwa watu wakilala. Mchana kutwa kimya. Mimi mwendeshaji nafuta vumbi kwenye vitufe ili nisionekane sina kazi. Umeme wa mchana unatoka shamba la sola ng'ambo ya barabara. Na msimamizi wa pale ni nani? Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kubadili balbu!

Jioni kapita nyumbani, kala, kashiba, kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi. Kituo kikifungwa ataniombea nafasi ya kupangusa paneli. Mke wangu akamwambia ahsante. Ahsante! Miaka yote hii kwenye gesi, halafu nipewe kitambaa na shemeji?

Thubutu. Asiyekuwepo na lake halipo. Mtaalamu lazima aukute mtambo unanguruma.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo ni kwamba mtambo hauwashwi kwa kupenda kwangu. Waongozaji wa gridi hupiga simu: washa, zima, ongeza, punguza. Wanaangalia watu wanatumia umeme kiasi gani. Basi dawa ni watu watumie zaidi. Akili ni mali.

Nimepita mtaani nyumba kwa nyumba kabla ya zamu, nikiwaomba jioni wapige pasi wote kwa pamoja, wawashe majiko, wawashe kila kitu. Fundi cherehani akauliza kuna nini. Nikamwambia ni kwa faida ya taifa. Akasema hakujua kama taifa limekunjamana kiasi hicho. Lakini walikubali. Mama mkwe alijitolea pasi mbili.

Jua likazama. Mimi kazini, mkono juu ya simu. Ikalia. Kumbe mke wangu. Transfoma ya mtaa imelipuka, nyumba zote giza, na majirani wamesimama mlangoni wakinisubiri. Sijakaa vizuri, waongozaji nao wakapiga. Matumizi yameshuka, nipunguze mtambo.

Sielewi. Hesabu zangu zilikuwa sawa kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Mtaani hakuna aliyeitikia salamu yangu. Haidhuru. Wakombozi hawapendwi.

Nimepata njia nyingine. Jioni walipoagiza niwashe, niliwasha. Kisha nikawapigia waongozaji na kuwaambia, kwa sauti ya huzuni, kwamba mtambo umepata hitilafu ndogo. Unafanya kazi vizuri, ila kwa siku mbili hizi usizimwe wala usipunguzwe, la sivyo utapasuka. Mwongozaji akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikaapa.

Mkuu hajui. Atanishukuru baadaye. Kesho nimebadilishana zamu niwepo mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Mtaalamu ni mama mfupi mwenye viatu vya kazi na kompyuta mgongoni. Amefika saa sita, jua la utosi, mtambo unanguruma hata hatusikilizani. Nilijisikia raha! Akauliza mbona umewashwa mchana wote huu. Nikajigamba kwamba mtambo wangu haulali. Hata ukiuamrisha uzimike, hauzimiki. Akaandika. Nikamtazama mkuu nikamkonyeza. Mkuu hakunikonyeza.

Mara shemeji akaingia mbio, jasho linamtoka. Waongozaji wamemwamuru akate nusu ya paneli zake, kwa sababu gesi imegoma kushuka na gridi haina nafasi. Jua linamwagika bure! Nikiri, nilifurahi kidogo.

Mtaalamu akafunga kompyuta. Akasema polepole, “Mtambo usiozimika siwezi kuuweka kwenye mpango. Huu utafungwa wa kwanza.”

Nikaona kitambaa, nikaona paneli, nikamwona shemeji akinisahihisha ninavyopangusa pembeni. Niliogopa kweli. Nikasema kwamba, kwa kuusikiliza vizuri, hitilafu huenda imepona. Mkuu akanyoosha kidole kwenye kitufe. Nikazima. Ukazimika, mtiifu kuliko mimi.

Aliyeniokoa ni shemeji, na hilo ndilo linaloniuma. Alimwambia mtaalamu kwamba wingu likifunika paneli zake, gesi huingia kabla watu hawajashtuka. Amjaribishe shemeji yake, yaani mimi, aone. Nikaambiwa niwashe. Nikawasha. Chai aliyomiminiwa mtaalamu ilikuwa bado ya moto mtambo ulipofikia nguvu zake zote. Akatabasamu, mara ya kwanza.

Mkuu anataka kuniona kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekaripiwa, na nimetakiwa kuwapigia waongozaji kuwaomba radhi. Lakini tunabaki! Tumo kwenye mpango!

Ila sielewi tumo kufanya nini. Mtaalamu anasema kadiri sola na upepo vitakavyoongezeka, sisi tutawashwa siku chache zaidi. Majuma ya mawingu, upepo umelala, mabwawa yamepungua, hapo ndipo tutakapohitajika, na hapo hakuna mwingine wa kukimbiliwa. Siku nyingine zote tukae tayari, tumepakwa grisi, tunalipwa, kimya. Nikamuuliza kwa heshima kama kazi yetu sasa ni kutofanya kazi.

Akanionyesha ndoo ya mchanga ukutani, ile ya kuzimia moto. “Hii mliitumia lini mara ya mwisho?”

Nikaona aibu. Nikakiri hatujawahi, nikamwomba radhi, nikamwahidi kuanzia Jumatatu tutaitumia kila siku.

Mkuu akamshika mtaalamu mkono akamtoa nje taratibu. Shemeji, aliyekuja kusikia matokeo, alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja kula. Tumepatana, kwa sababu ya dada yake. Katikati ya chakula akatangaza kwamba mwezi ujao zinaletwa betri kubwa, makontena mazima, zitawekwa kati ya shamba lake na kituo chetu. Zitahifadhi jua la mchana, watu walitumie jioni. Mke wangu akafurahi, ati nitakuwa narudi nyumbani mapema.

Nikalirudisha tonge sahanini. Sasa na jioni yangu inachukuliwa!

Lakini baada ya kula nimejilaza, nimefikiri. Betri zinajazwa na nini? Umeme. Nani ana mtambo mzima umekaa bure tangu asubuhi? Sisi! Kesho alfajiri namwendea mkuu. Tuwashe gesi kabla hakujapambazuka, tuzijaze betri zote pomoni, ili shemeji akija na jua lake akose pa kuliweka. Mtaalamu atafurahi mno. Nashangaa yeye mwenyewe hakuliona hili, na elimu yote ile.