Ombi la Kusajili Kelele za Saa Sita katika Mpango wa Ulaya

Bukavu, Jumanne tarehe 20 Novemba 2001

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupanga Masafa kwa ajili ya Matangazo ya Dijitali,
Ulaya

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa na afya njema na betri mbili mpya. Mimi ni mwandishi wa habari, mwaka wa ishirini na sita kazini. Rasimu ya mpango wenu ilinifikia kwa njia isiyo rasmi: ilikuwa imekunjwakunjwa kuzunguka vipaza sauti vitatu ambavyo wafadhili walilitumia shirika la jirani yangu Cédric. Cédric alichukua vipaza sauti, mimi nikachukua karatasi. Nilizinyoosha kwa pasi nikazisoma zote, kurasa thelathini na nane, isipokuwa wa kumi na saba, ambao haumo. Ikiwa majibu ya malalamiko yangu yalikuwa kwenye ukurasa huo, naomba radhi mapema.

Nimeelewa kwamba mnauacha mfumo wa zamani na kuhamia dijitali, na kwamba mnagawana masafa nchi kwa nchi ili redio au televisheni ya mmoja isiingilie ya mwingine. Ni kazi ya heshima. Hata hivyo nalazimika kulalamika, na nitafanya hivyo kwa utaratibu.

1. Hamkutuuliza. Ramani yenu inaishia kusini kidogo ya Sicily, pale mchoraji alipoweka kisanduku cha maelezo. Nimepima kwa rula: Bukavu iko nje ya karatasi, karibu na goti la msomaji. Sina kinyongo, ila ningependa goti hilo liandikwe jina.

2. Mnapoteza nafasi. Ukurasa wa tisa unataka vituo viwili vyenye masafa yaleyale viachane zaidi ya kilomita mia moja. Sisi tulishavuka hatua hiyo. Upande wa kaskazini wa ziwa letu kuna redio ndogo ya mapadri. Kila siku saa sita mchana inasoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao katika vita, na mahali walipo. Mwezi wa sita mkuu wa askari wa mji wetu alifungua redio yake kwenye masafa hayohayo, kwa sababu fundi alimweleza kwamba hapo tayari kuna wasikilizaji. Saa sita kamili mkuu huhutubia juu ya usafi wa mitaro, kisha huweka muziki. Jenereta yake ni ya zamani. Huwaka dakika tatu, hukohoa, huzima moja. Basi tunasikia mitaro, mapadri kidogo, mitaro tena. Vituo viwili vinaishi pamoja hivyo, na hatukuhitaji kuitisha mkutano hata mmoja.

3. Dijitali inafundisha ubinafsi. Hili ndilo lililonifanya nikate karatasi ya kuandikia. Ukurasa wa ishirini na mbili unakiri wazi: mawimbi yakidhoofika, msikilizaji wa dijitali hapati mikwaruzo, anapata kimya. Ama yote, ama hakuna. Sisi, Ndugu Mwenyekiti, tunaishi kwa nusu. Na kwa sababu ya vilima, nusu zetu hazifanani. Anachokosa mtu wa mtaa wa Ibanda huenda mtu wa mtaa wa Bagira amekipata. Ndiyo maana kila siku saa saba watu hukutana kwenye ngazi za kanisa la Kadutu, kila mmoja na kipande chake, wakaunganisha. Tunaita kushona. Msimamizi ni Maman Adélaïde, fundi cherehani, mwenye daftari la shule na kalamu aliyoifunga shingoni kwa uzi.

“Bagira, muleta yenu!” huanza hivyo.

“Jina tulipata, maman. Kisha mitaro ikaingia.”

“Iyo mitaro mutaikula! Ibanda, munasema nini?”

Tangu mwezi wa saba yamesomwa matangazo arobaini ya watu wa huku kwetu. Tumeshona thelathini na moja. Tisa hatukuyamaliza.

La arobaini na moja liko mezani sasa. Maman Colombe, mkulima wa Mumosho, alimpoteza binti yake Bintu, miaka minane, walipokimbia kutoka Luberizi walikokwenda kuvuna mpunga. Kila tangazo husomwa siku tatu. La Bintu limesomwa jana na leo. Kesho ni mara ya mwisho. Ibanda imeleta jina la mtoto na la mama. Bagira imeleta kwamba watoto wote watahamishwa Jumamosi kwenda mbali, upande ambao sisi hatuwezi kufika. Kadutu imeleta hotuba ya mitaro, nzima. Mahali alipo mtoto hakuna aliyepaleta. Alhamisi alfajiri zinaondoka boti mbili kwa wakati mmoja, moja ya Kalehe, nyingine ya kisiwa cha Idjwi, na watoto wanatunzwa kote kuwili. Mtu hapandi mbili.

“Papa Cyprien,” aliniuliza leo Maman Colombe, “weye uko mujournaliste. Ungekuwa mie, ungepanda boti gani?”

Nilimjibu kwamba mwandishi wa habari haandiki kitu bila vyanzo viwili.

“Mie niko na moja tu,” akasema, “na iko nasema mitaro.”

Sasa nakuuliza: dijitali ingemsaidia nini mama huyu? Angesikia yote, au asingesikia kitu, na kwa vyovyote angebaki Mumosho peke yake. Kwa mfumo wetu, watu wapatao mia moja na ishirini wanamjua kwa jina, na wawili wamemkopesha mwavuli.

4. Kwa hiyo naomba kelele za saa sita zisajiliwe katika mpango wenu kama kituo halali. Jenereta ya mkuu iwekewe umbali wa kinga, ili redio yoyote inayosikika vizuri isithubutu kuikaribia.

5. Naomba pia muige. Kila mji wa Ulaya upewe mkuu mmoja wa askari na jenereta moja iliyochoka. Chukueni Strasbourg na Kehl, miji iliyotenganishwa na mto tu. Rasimu yenu imeipa masafa mbalimbali, na matokeo yake watu wake hawana sababu ya kuongea. Wapeni masafa mamoja. Saa saba mtu wa Strasbourg ataleta jina, mtu wa Kehl ataleta siku, nao watakaa kwenye ngazi moja wakitafuta mahali. Maman Adélaïde yuko tayari kuwafundisha, mkimlipia nauli na uzi.

Naomba jibu kabla ya kesho saa sita. Najua posta ni polepole.

Nifikishie salamu kwa wajumbe wote wa kamati, mainjinia, mchoraji wa ramani na mwenye goti. Namsalimu pia ofisa wa hapa anayesoma barua za nje kabla ya kuzipiga muhuri. Naomba aifunge vizuri, gundi yenyewe ni ya kuazima.

Nabaki msikilizaji wenu wa mbali,

Cyprien Akonkwa

Nyongeza, Ijumaa tarehe 23. Karatasi hii haimo ndani ya bahasha. Bahasha ilipigwa muhuri Jumanne. Hii inavuka mpaka ndani ya soksi ya mtawa mmoja, Sista Georgette, ili ofisa asiione.

Jumatano saa tano na dakika arobaini jenereta ya mkuu ilikohoa, ikazima, haikuwaka tena. Saa sita mji mzima uliwasikia mapadri, majina kumi na moja, neno kwa neno. Saa saba nilikuta ngazi za kanisa tupu. Maman Adélaïde alikuwa peke yake, daftari limefungwa. “Leo hakuna kazi,” alisema. “Rudia nyumbani, papa.” Alikuwa anacheka.

Maman Colombe alisikia akiwa Mumosho, kwa redio ya jirani: Kalehe. Leo mchana mapadri wamesoma kwamba Bintu amechukuliwa na mama yake. Hicho ni chanzo kimoja. Cha pili ni mimi: nimewaona wakishuka botini saa nane. Mtoto amekonda, na viatu alivyovaa ni vya mtu mwingine.

Kwa hiyo futa namba moja hadi tano. Ikiwa kati ya redio zenu mbili mmebakiza masafa ya kinga, hata membamba, ambayo hakuna mtu mwingine atakayeyaingilia, wapeni mapadri. Fanyeni haraka. Fundi pekee anayeijua jenereta ile ni Chris, mume wa Maman Adélaïde. Tangu Jumatano asubuhi ameshikwa na malaria, na mkewe anasema ni ile ya muda mrefu. Lakini jana mkuu alimtumia daktari wa kumpima.