Kibla ya Mtu wa Sur

Leo nimejiaibisha mbele ya mkwe. Tena mkwe mwenyewe bado hajawa mkwe, na hapo ndipo panaponiuma.

Mnajua nimepeleka posa Ibra, kwa Raya. Baba yake, Ami Nassor, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Twende kwanza tukatembee, nikujue." Basi. Ami Nassor kakulia Tabora, akarudi Oman mtu mzima, akafungua duka la matairi Ibra, bara, mbali na pwani. Bahari kwake ni kitu cha kwenye kalenda. Kaka yake Raya, Suleiman, ambaye tunafanya kazi pamoja, akapendekeza kisiwa kimoja kidogo jirani na kisiwa kikubwa cha Masira. Kina njia ya miguu inayofuata ufuko na kukizunguka chote, unaanzia pale boti ilipokushusha na unarudi pale pale.

Nilifurahi kupita kiasi. Mtoto wa Sur, mji wa pwani, nimeletewa mtihani wa bahari. (Nilishajiona nimevaa joho la bwana harusi.)

Boti ikatushusha sisi watatu upande wa mashariki. Nikasema, "Shikamoo Ami, tuko tayari?"

"Marahaba. Tangulia wewe, mwenye bahari."

Nikatangulia. Na jamani, sikujiandaa kwa uzuri ule. Tumepita juu ya majabali meupe, chini yake maji yako safi mpaka unawaona samaki wanavyogeuka. Mchangani tukakuta alama za kasa aliyepanda kutaga, pana, zimekwenda na kurudi, na hakuna unyayo wa mtu hata mmoja karibu. Tukapinda kona, tukakuta flamingo wamejaa kwenye maji ya kina kifupi. Wakaruka wote kwa pamoja na mbawa zao zikaonyesha wekundu. Hata mimi ninayejisifu kuzaliwa na bahari mlangoni nilihisi mdogo, na nilipenda kujihisi hivyo.

Ami Nassor akasimama muda mrefu. "Subhanallah," akasema taratibu. "Hivi vyote vilikuwa hapa, na mimi niko Ibra nauza matairi."

Nikaona kashanipenda. (Kumbe alikuwa anapenda flamingo.)

Tulikuwa tumeshapita nusu ya mzunguko adhuhuri ilipoingia. Mawingu yametanda, jua halionekani liko wapi. Suleiman akatoa simu. "Ngoja niangalie kibla."

Hapa ndipo nilipoanza kujichimbia. Nikamwambia, "Rudisha simu yako, yakhe. Sisi watu wa Sur hatutafuti kibla kwenye simu. Unaipa bahari mgongo, khalas."

Na wallahi si uongo. Sur bahari iko mashariki, Makka iko magharibi. Tangu mdogo nikisali ufukweni mawimbi nayasikia nyuma yangu. Babu yangu hivyo hivyo.

Ami Nassor akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Tayib. Kijana anajua. Basi tusalishe wewe."

Mnaelewa heshima hiyo? Mzee mzima, hajanipa mwanawe, ananipa sala yake. Nikatandika shuka, nikaipa bahari mgongo, nikatoa takbira kwa sauti ya imamu wa msikiti mkubwa. Tukakusanya adhuhuri na alasiri, kisafiri. Nikarefusha na sijida kidogo. (Kidogo sana. Mungu anisamehe.)

Nilipomaliza nikawageukia kuomba dua. Nyuma ya Ami Nassor, chini ufukweni, nikaona familia moja imeshuka na boti na sufuria zao za wali. Wamejipanga safu, wanasali. Wametupa sisi migongo, wanaelekea baharini.

Nikawahurumia. Nakwambieni kweli, niliwahurumia.

"Ami, wale wamekosea kibla. Niende nikawaambie?"

"Nenda, utapata thawabu."

Nikateremka, wao wawili nyuma yangu. Nikangoja watoe salamu. Nikamwamkia baba mwenye familia kwa Kiarabu kizuri kabisa, nikamweleza kwa upole kwamba kibla iko upande wa pili, kule tulikoelekea sisi.

Akanitazama. Akamtazama mkewe. Mkewe akajifunika mdomo kwa shela.

"Mwanangu," akasema, "sisi wenyeji wa hapa. Kule ulikoelekea ni Bombay."

Ndipo akili ikanirudia. Kisiwa kina bahari pande zote. Tulishuka mashariki, tumetembea, tumezunguka, sasa tuko magharibi. Bahari iliyokuwa mgongoni mwangu ndiyo iliyokuwa kibla. Nimemsalisha Ami Nassor adhuhuri na alasiri kuelekea Bara Hindi, tena kwa sijida ndefu.

Yule baba akaniuliza, "Kwani watokea wapi?"

Nikajibu haraka, "Ibra."

Nyuma yangu nikamsikia Ami Nassor. "Aa, huyu si wetu. Huyu wa Sur."

Mke wa yule baba akashindwa kujizuia. Suleiman alishakaa chini, analia kwa kicheko. Mimi nimeganda pale, na akilini Raya namwona anakwenda zake. Nikamgeukia Ami Nassor nikasema yaliyobaki ya kusema: "Ami, nimekosea, na nilikuwa na uhakika. Nimekuharibia sala. Nisamehe."

Yule mwenyeji akatusalisha upya, kisha akatulisha wali na samaki. Njia nzima ya kurudi Ibra, Ami Nassor alitazama dirishani. Nami nilitazama barabara kama ndiyo ninayotaka kuioa.

Sasa hivi Raya kanitumia ujumbe, nauandika kama ulivyo: "Baba kakubali. Anasema wachumba wote waliokutangulia kumfikia walikuwa wanajua kila kitu, wewe ndiye wa kwanza kumwambia 'nimekosea'. Ila ana sharti. Nyumbani kwetu mimi na wewe, kibla nitaonyesha mimi."

Nimelikubali sharti. Mnaotaka kucheka, chekeni, ila geukeni kwanza upande wa Bombay.