Mizunguko Mitatu ya Uwanja

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu amenikabidhi kipindi cha mazoezi, darasa la tano. Mimi, mwenye shahada! Ijumaa mkaguzi anakuja kupima siha ya watoto. Wakifaulu, ajira yangu ya majaribio inathibitishwa. Wasipofaulu, naendelea kula kwa dada. Nimewatazama wakikimbia. Aibu tupu! Wanahema kama wazee waliopanda ghorofa saba.

Jumanne, 4 Machi
Kasoro ni nadharia. Nimewakalisha kipindi kizima wakinakili mambo kumi na manne yanayoathiri siha, ya nyumbani na ya shuleni. Waliochelewa kumaliza nimewakimbiza mizunguko mitatu ya uwanja, adhabu ya kawaida hapa. Mlinzi wa geti, mama mwenye filimbi na ulimi, akauliza iwapo miguu nayo inajua kusoma. Kumjibu? Kumpigia mbuzi gitaa ni kupoteza nyuzi.

Jumatano, 5 Machi
Nimegawa hojaji. Swali la kwanza: hukimbia lini? Thelathini na wanane kati ya arobaini wamejibu, “Nikikosa.” Upuuzi! Sifuri kwa wote. Mapumzikoni mlinzi alikuwa akiwarukisha kamba, bila nadharia yoyote. Nimeichukua kamba, nimeifungia ndani ya meza yangu. Jioni dada amesema shahada yangu ingekuwa kamba, angalau angeianikia nguo.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi amefika. Nikaamuru mizunguko mitatu. Hakuna aliyetikisika! Binti wa dada, naye wa darasa hili, akanyoosha mkono: “Mjomba, leo tumekosa nini?” Mjomba, mbele ya mkaguzi! Wawili wakaangua kilio. Mmoja akaapa kwamba si yeye. Mlinzi akadai kamba yake. Mwalimu mkuu akanifungulisha meza hadharani. Darasa zima likaruka hadi mkaguzi mwenyewe akavua koti, akaingia. Hukumu: kipindi ni cha mlinzi. Mimi nimeongezewa mwezi wa majaribio, chini yake, nikishika ncha ya pili ya kamba.

Jumatatu, 10 Machi
Bega linauma. “Shahada, zungusha!” ndivyo anavyoniita yule mama. Watoto wameruka nusu saa wakicheka, wala hawakuhema: ushahidi dhahiri kwamba maelezo yangu ya Jumanne yamewaingia. Nimemwandalia mkaguzi ripoti ya kurasa kumi na mbili. Kesho watoto watainakili yote, kabla ya kugusa kamba.

Atakayechelewa kumaliza, mizunguko mitatu.