Chafya Katika Banda la Kuku

Jamani, leo nimeaibika. Si aibu ile ya kujikwaa sokoni ukajifanya ulikuwa unakimbia. Hii ni ya kuhama mtaa.

Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kukanyaga kwangu hapa Otonglo. Leo ndiyo ilikuwa siku. Anatoka Pap Onditi, na huko wanamjua kwa kitu kimoja: kuku. Kuku wake wakiugua, wanapona. Wa jirani wakiugua, anaitwa. Kwa hiyo wiki nzima mke wangu Akinyi hakuniuliza habari za sofa wala pazia. Aliuliza banda tu.

"Baba Tina, hao kuku wanakaa kwa matope. Mama akiona hivyo, atasema hata mimi nakaa kwa matope."

Hapo nikajua kesi ni nzito. Sakafu ya kuku ndiyo itakayosema kama binti yake aliolewa au alipotea.

Nikaanza kufikiri kama mhandisi (mimi nauza vipuri vya pikipiki). Saruji? Isingekauka kwa wakati. Mchanga wa ziwa? Nilishawahi kuuweka, paka wote wa mtaa wakadhani nimewajengea choo. Maganda ya mpunga kutoka Ahero? Ni mazuri, lakini kuku wangu ni walafi, wangeshinda wakiyachambua kutafuta mchele uliosahaulika. Jana jioni nikaenda kwa fundi seremala kando ya barabara ya Busia. Alikuwa na marundo mawili. Moja la maranda, yale mabaki ya mbao yaliyojikunja. La pili lilikuwa unga wa msumeno, laini, rangi ya dhahabu.

"Chukua hii ya kujikunja," fundi akaniambia. "Hiyo ingine iko na vumbi mbaya."

"Hiyo ya kujikunja inakaa kama takataka, bwana. Nataka kitu safi."

"Kwani ni ya kuku ama ni ya bibi harusi?"

Nikabeba unga. (Mimi na urembo!)

Leo asubuhi nikavaa kaptura yangu ya kazi, ambayo upande wa nyuma ilishakata tamaa, na fulana ya kampeni ya mtu aliyeshindwa. Wageni walitarajiwa saa saba, nilikuwa na muda. Nikaingia bandani kwa magoti. Banda langu chini ni mabati, juu ni waya, na mtu mzima hawezi kusimama humo. Nikamwaga unga, nikausawazisha kwa mikono, nikaupitishia ufagio. Yawa! Ulipendeza. Kuku wenyewe walijibana pembeni wakiogopa kukanyaga.

Halafu upepo ukafunga mlango. Komeo la nje likaanguka. Ka!

Lile komeo nililitengeneza mwenyewe, lijifunge lenyewe, kwa sababu ya mbwa wa jirani. Linafanya kazi vizuri sana, asanteni.

Nikafungua mdomo nimwite Akinyi. Hapo hapo nikasikia lango, kisha vigelegele. Wageni! Na saa sita haijafika! Mama mkwe na wamama wawili wa kanisa lake.

Sasa mnajua kwetu mambo ya mama mkwe. Humzoei. Unamsalimia kwa adabu, kwa umbali, ukiwa umevaa vizuri. Mimi nilikuwa nimepiga magoti katikati ya kuku, nyuma kukiwa na madirisha. Nikaamua kunyamaza. Wataingia ndani ya nyumba, Akinyi atakuja kunitafuta, yataisha.

Hawakuingia.

"Ndani kuna joto," mama mkwe akasema. "Tukae tu hapa kwa kivuli."

Kivuli chenyewe kiko kando ya banda. Nikasikia viti vikiburutwa.

"Na mwenye nyumba?"

"Ametoka kidogo, Mama. Nadhani ameenda kuchukua soda."

Akinyi akapiga simu yangu. Ikalia chumbani.

Nikainama zaidi. Kuku mmoja, jike jeusi lisilo na haya, akaanza kuchakura. Wengine wakafuata. Ule unga wangu wa dhahabu ukainuka wote hewani. Macho! Pua! Koo! Nikabana pua, nikaomba kila ombi ninalolijua.

"HAAA-CHUUU!"

Hata kuku waliacha kuchakura.

"Akinyi," mama mkwe akasema polepole, "hiyo ni nini?"

"Sijui, Mama."

"Hiyo ni kuku inapiga chafya. Mliwawekea nini chini?"

"Baba Tina aliweka unga ya mbao."

"Ndio hiyo! Unga iko na vumbi, inaharibu kifua ya kuku. Wanawekewa ile ya kujikunja."

(Fundi, popote ulipo, nisamehe.)

Nikapiga ya pili. Kubwa kuliko ya kwanza.

"Uwi! Sikia hiyo sauti," akasema mama mkwe. "Hiyo ni jogoo. Na imeharibika kabisa, hiyo haiponi."

"Sasa tufanye nini, Mama?"

"Inachinjwa saa hii, kabla iambukize wengine. Leta kisu."

Ndugu zangu, mtu akiambiwa achague kati ya aibu na kisu, hafikirii sana. Nikasikia viatu vikija. Nikasikia komeo likiinuliwa. Nikasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe:

"Mama, si jogoo. Ni mimi."

Mlango ukafunguka. Mama mkwe alikuwa ameinama tayari, mkono mbele, wa kukamata shingo. Tukatazamana uso kwa uso. Mimi nyusi, ndevu na nywele, vyote unga, na lile jike jeusi limenipanda begani. Kitu pekee kilichonijia kichwani ni adabu.

"Karibu, Mama," nikasema. "Karibu sana nyumbani."

Alijifunika leso usoni akageuka upande mwingine. Mama mmoja wa kanisa alikaa chini kabisa kwenye nyasi, akicheka huku akimwita Nyasaye, Mungu wake. Akinyi hakucheka. Aliniangalia tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Wiki nzima alitaka mama yake aone mume wa maana.

Nikatoka, nikatembea kinyumenyume mpaka mlango wa nyumba ili mama mkwe asione kaptura. (Nilisahau kwamba wamama wa kanisa walikuwa upande huo.)

Nikaoga. Nikavaa suruali ya kanisani, shati, hata soksi. Nikasalimia kwa umbali unaotakiwa. Mama mkwe alikula akiangalia ukuta. Akinyi naye alipakulia kila mtu isipokuwa mimi. Nikajua nimekwisha.

Wakati wa kuondoka mama mkwe akasimama langoni, amenipa mgongo, akaongea na binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie Baba Tina atoe hiyo unga yote. Na wewe nisikie. Baba yako, Mungu amlaze pema, tangu anioe hakuwahi kupiga magoti kwa nyumba ya kuku yangu hata siku moja. Hiyo jogoo yako usichinje. Weka."

Akinyi akacheka. Mara ya kwanza leo. Alicheka mpaka akashikilia lango.

Basi kesho asubuhi niko kwa fundi, kuchukua ile ya kujikunja. Mkinipata barabarani niiteni Baba Tina kama kawaida. Lile jina jingine ni la mama mkwe peke yake.