Sauti Isiyovuka Robot

Jumatatu, 5 Machi 2012

Antena yangu ya redio iko juu ya bati. Ndefu, inang'aa, mtaa wetu wote wa Kensington, hapa Johannesburg, umeiona. Hilo ndilo la kwanza.

Madereva wetu wa zile pikapu za bakkie, Warundi na Wakongo wanaohamisha vitanda na kupeleka bidhaa kwenye spaza, vile viduka vya mitaani vya Soweto, wamefunga redio za upepo garini, zile wanazoita sibii. Sasa wanatafuta mtu wa kukaa nyumbani na redio kubwa, awaongoze. Mtu mwenye sauti. Mwenye busara. Sioni mwingine.

Tatizo dogo. Nilipojaribu kuwaita madereva, Kelly alikuwa Soweto, hakunisikia. Claude alikuwa Joubert Park, hakunisikia. Aliyenisikia ni Elisée peke yake, naye alikuwa amesimama kwenye robot, taa za barabarani za kona yetu, akisubiri. Ilipowaka kijani akavuka, sauti ikafa. Mke wangu, Pascasie, akasema kwa umbali huo ningefungua tu dirisha nikaita.

Jumanne, 6 Machi

François naye anaitaka kazi. Mkongo wa Uvira, fundi cherehani, anakaa mtaa wa pili. Antena yake fupi kama mkia wa mbuzi. Lakini Kelly anasema akiwa Soweto anamsikia hata akikohoa. Inaudhi.

Nimefikiri sana nikapata sababu. Ananiziba. Kuna kitu amekiweka.

Nilikwenda kupeleleza. Nikapita mbele ya nyumba yake, nikarudi, nikapita tena, nikichungulia juu ya ukuta. Mkewe Brigitte akatoka kuniuliza natafuta nini. Nikasema paka wangu amepotea. Akauliza paka anaitwa nani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema François.

Akamwita mumewe.

Alhamisi, 8 Machi

Pascasie amesoma kijitabu kilichokuja na redio. Hakuna aliyemtuma. Anasema kimeandika kwamba sauti ikiwa dhaifu, mtu aanze kukagua waya na maungio, kisha apime kama antena inaendana na redio. Halafu akaniuliza kwa nini nimetumia waya wa televisheni tuliouokota wakati tunahamia, tena umeungwa kwa plasta ya kidonda, na kila tukifunga dirisha linaubana.

Nikamweleza kwamba waya ni waya. Vijitabu huandikwa na watu wasioijua Johannesburg.

Kinachohitajika ni nguvu. Nimekwenda Joubert Park kwa Salum, Mtanzania anayeuza vifaa visivyo na boksi. Amenipa busta, chuma kizito chenye mapezi kama samaki. Ameapa kwamba nikikiwasha, Bujumbura watazima redio zao kwa makelele. Nilipoomba risiti alisema waungwana hawaandikiani.

Mtu wa kuaminika.

Jumapili, 11 Machi

Siku nzito.

Kanisa letu liko nyuma ya ukuta wa uani. Wote walikwenda ibadani: Pascasie, mwanetu Arnaud, mama mwenye nyumba Léocadie, na François, ambaye huko ni shemasi tena mwimbaji. Mimi nikasema nina mafua. Nikawasha busta. Mshale ukaruka hadi mwisho. Nikamwita Kelly. Kimya. Nikamwita Claude. Kimya.

Nikaamua kuongea mfululizo, huenda sauti ikapasha moto njia. Mtu akiongea bila msikilizaji husema yaliyo moyoni. Nikasema François anaimba kama bawaba ya mlango. Nikasema mahubiri ya mchungaji yangekatwa nusu na hakuna ambaye angekosa kitu. Nikasema mama Léocadie akisikia mgeni anagonga, nyama huingia chini ya kitanda.

Nikagundua kwaya imenyamaza. Nikadhani ni maombi ya kimya.

Soweto hawakusikia hata neno. Spika za kanisa zilisikia yote. Pascasie anasema ilitoka safi kabisa, hadi nikivuta pumzi. Mchungaji aliwaomba waumini wamkemee pepo, nao wakamkemea kwa bidii, mpaka mama Léocadie akasimama na kusema yule si pepo, ni mpangaji wake.

Busta ikatoa moshi. Eish.

Jumanne, 13 Machi

François amekuja. Kabeba waya mpya mnene na mita ndogo ya kupimia antena. Amesema hana kinyongo, ila kanisa limemwomba. Nilimpokea kwa ubaridi ili aelewe. Akaomba ngazi.

Akaukata waya wangu wa zamani. Ndani ulikuwa wa kijani kwa kutu, maji yamelala humo tangu mvua ya kwanza, na pale kwenye plasta nyuzi za nje zilikuwa zimegusana na ya katikati. Alisema nguvu zote zilikuwa zinarudi nyumbani badala ya kupanda juu. Akalehemu maungio mapya, akaiinua antena mbali na bati, akawa anaipunguza kidogo kidogo huku anatazama mita. Kisha akanipa maiki.

“Sharp, Baba Arnaud,” Kelly akajibu kutoka Soweto. “Nakusikia kama umekaa pembeni yangu.”

Machozi yakanilengalenga. Vumbi la bati.

François akasema ana suti nyingi za harusi za kushona, kazi ya redio nichukue mimi. Kajisalimisha! Akaniachia neno moja tu mlangoni: “Kaka, ukibonyeza kitufe cha maiki, wengine wote hawasikiki. Bonyeza, sema, achia.”

Ushauri wa mshindwa. Nikamshukuru.

Jumamosi, 17 Machi

Siku yangu ya kwanza kazini. Pia harusi ya shemeji yangu Clémence, mdogo wake Pascasie, kule Soweto. Pascasie alitangulia asubuhi. Mimi nikabaki kuongoza msafara.

Nilifungua kwa sala. Nikafuata na salamu kwa kila dereva na ukoo wake. Kisha historia yangu fupi, kuanzia utoto wangu Rumonge. Kisha kanuni za redio. Kisha maoni yangu kuhusu ndoa za siku hizi. Hakuna aliyenikatiza. Sijawahi kusikilizwa namna ile.

Claude alikuwa amebeba keki. Bakkie ilimzimikia kwenye barabara kuu, jua la Machi utosini, simu haina salio. Akaita redioni. Akaita tena. Nilikuwa bado niko Rumonge. Kelly alimkuta kwa bahati, akipita na viti. Keki ilipofika ukumbini, ghorofa ya juu ilikuwa imekaa chini ya ile ya chini. Bwana arusi na bibi arusi wa sukari walikuwa wamezama hadi kiunoni.

Clémence alilia, rangi ya macho ikashuka hadi kwenye gauni. Nilipoingia nikitarajia pongezi, Pascasie alinisimamisha mbele ya wakwe.

“Baba Arnaud, muda wote ule ulikuwa unaongea na nani?”

Nikamwambia, na watu wote.

“Na nani alikujibu?”

Swali la hila. Nikaomba wali.

Jumapili, 18 Machi

Madereva wamekutana baada ya ibada bila kuniita. Kazi wamempa François. Amekubali shingo upande, atashona huku sikio moja liko redioni. Elisée ndiye aliyeniletea habari, akasimama getini, hakutaka kuingia. Clémence hapokei simu. Pascasie ameniwekea chakula, akaenda kulala kwa mama Léocadie.

Nimepata utulivu wa kutafakari. Nimejichunguza bila huruma. Kosa nimeliona.

Kidole. Jana kidole kilichoka. Mara kadhaa kiliteleza kwenye kitufe, hotuba ikakatika, maneno muhimu yakapotea. Ndiyo maana madereva hawakunielewa.

Nimechukua mpira wa nywele wa Pascasie, nikakifunga kitufe kikabaki chini. Kinakaa vizuri. Sasa mikono yote miwili iko huru, naweza hata kunywa chai. Nimevuta kiti karibu na maiki.

Nimeanza na salamu.