Jinsi Masalu Mwana wa Malale Alivyolipeleka Dume Lake Zahanati

Njooni, nyie wenye watoto mgongoni na nyie mnaochambua mchele. Sogezeni vigoda, punguzeni redio kidogo, mpate kusikia habari za vita iliyopiganwa kijijini Kasokola, huko Mpanda, mwaka wa tisini na sita, vita isiyo na mkuki wala ngoma, ambayo aliyeipigana alitetemeka kuliko wote waliowahi kushika mkuki.

Palikuwa na mtu, Masalu mwana wa Malale, Mwenye Fimbo Ndefu, Mpita Pori Asiyegeuka Nyuma, aliyeswaga ng'ombe hamsini kutoka kwao Usukumani na kuwafikisha Mpanda wakiwa hamsini na mmoja, maana mmoja alizaa njiani. Simba alimfokea, naye akamfokea simba, na aliyeondoka ni simba. Lakini asubuhi moja, akioga nyuma ya nyumba, shujaa huyu aliinamisha macho, akaona vipele.

Vilikuwa saba. Vyekundu, vidogo kama ulezi, vimepiga kambi kinenani hadi kwenye shina la uanaume wake, kama jeshi lililoingia mji wakati walinzi wamelala. Na mbele yao akaona vidoadoa vyeupe, ambavyo katika miaka yake yote hakuwahi kuvichungulia.

Miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona, na moyo wa Masalu ukaenda huko moja kwa moja, ingawa tangu amwoe Kabula hakuwahi kumgusa mwanamke mwingine. Asije akamwambukiza, akatandika ngozi ya ng'ombe sakafuni, akalala hapo siku ya kwanza, na ya pili, hata zikatimia siku kumi na mbili. 

Kabula naye alikuwa akihesabu. Siku ya kumi na tatu, akimhamishia mtoto ziwa la pili, alisema bila kupandisha sauti, "Baba Ng'washi, kama umepata mwingine niambie tu. Kesho kuna basi la Inyonga. Nitaenda kwa mama."

"Sina mwingine."

"Basi una nini?"



Ndipo yule aliyemfokea simba alipovaa kaptula yake ya sherehe, akashika fimbo, akatoka kutafuta msaada; na kwa kuwa tangu utoto kila ugonjwa alioujua vizuri ulikuwa wa ng'ombe, miguu ikampeleka yenyewe hadi joshoni, ng'ombe wanakoogeshwa dawa, kwa Rafaeli, bwana mifugo, Mtawala wa Kupe na Ndorobo.

"Bwana mifugo," akanena, "nina dume langu. Lina vipele."

Rafaeli akafungua daftari. "Sehemu gani?"

"Huku chini."

"Linakula?"

"Linakula."

"Linapanda majike?"

Masalu akatazama maji ya josho. "Limeacha. Wiki ya pili hii."

"Lina miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

Kalamu ikasimama. Bwana mifugo akamwangalia taratibu, kuanzia kofia mpaka katambuga.

"Dume la miaka hiyo sikusomeshwa chuoni," akasema. "Linavaa kaptula?"

Masalu akaivuta kaptula yake chini kidogo.

"Basi ndugu yangu, lipeleke zahanati. Na usilipake dawa ya kupe. Nilishaona mtu kajipaka, alitembea wiki nzima kama amepanda farasi."

Hivyo shujaa akageuza majeshi yake, yaani miguu miwili, akaingia zahanati. Na huko nyuma ya pazia la kijani akamkuta Getrude, muuguzi ambaye mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa kijiji.

"Nilitaka daktari mwanaume," akasema Masalu.

"Yuko mjini. Atarudi Jumatatu."

Na basi lilikuwa kesho. Masalu akalitazama pazia kama mtu atazamavyo mto uliofurika, ng'ombe wake wakiwa ng'ambo.

"Mayu," akaanza, akimwita mama kwa heshima ya kwao, "nina dume..."

"Baba, hapa tunatibu watu."

 Hata akina mama waliokuwa kwenye benchi la nje waliacha kuulizana bei ya nyanya. Naye Masalu akavuta pumzi, akalitoa neno ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mwanamke yeyote. "Nina vipele kwenye uume."

Na mbingu hazikuanguka. Getrude alinawa mikono tu, akasema, "Haya, fungua mkanda tuone."

Akaona. Akauliza: vinauma? Vinawasha kidogo. Kuna kidonda? Usaha ukikojoa? Uvimbe wa mitoki kinenani? Homa? Hakuna. Na mwanamke mwingine? Hakuna. "Na vilianza baada ya nini?"

Masalu akafikiri. "Baada ya harusi ya shemeji. Nilinyoa. Na wembe."

"Huu si ugonjwa wa kuambukiza, baba. Ni vinyweleo vilivyochubuliwa, vingine vimejikunja vikarudi ndani ya ngozi. Kanda kwa maji ya vuguvugu, vaa nguo isiyobana, usivitumbue, na wembe weka mbali. Hivi vyeupe ni vijifuko vya mafuta, wanaume wengi wanavyo na hawajui. Viache."

"Na ule ugonjwa mwingine?"

"Ule hauonekani kwa macho. Damu ndiyo hupimwa, hospitali ya mjini, ukitaka moyo utulie." Kisha akasimama, sauti yake ikawa ya jemadari. "Lakini sikia. Siku ukiona kidonda, hata kisichouma, tena hasa kisichouma, njoo siku hiyohiyo. Malengelenge yanayochoma, vinyama vinavyoota kama kilemba cha jogoo, usaha, njoo, na mama umlete mtibiwe wote. Mkianza kujikuna usiku nyumba nzima, huo ni upele, njooni na mtoto. Doa likikua au likitoa damu, usingoje. Na hivi vyako visipoisha kwa wiki mbili, rudi. Usilale chini ukingoja."

"Umejuaje kwamba nalala chini?"

"Mgongo wako una manyoya ya ng'ombe."

Nyumbani Masalu alimkuta Kabula akifunga mzigo. Akamweleza yote, hata la josho.

"Wembe upi?" akauliza Kabula.

"Ule wa dirishani."

Kabula akakaa chini juu ya mzigo. "Ule niliofumulia magunia ya mahindi?" Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakicheza, na alipojifunua, macho yake yalikuwa na machozi ya aina mbili. Kisha akafungua fundo la mzigo.

Katika daftari la zahanati vita hii ina mstari mmoja: *Me, 32, vipele vya wembe, amepewa ushauri.* Lakini wanaoijua historia huhesabu ushindi wake tangu asubuhi iliyofuata, ngozi ya ng'ombe ikiwa imerudishwa ukutani, Rafaeli alipopita na baiskeli na kuuliza kwa sauti, "Masalu, lile dume vipi?"

Aliyejibu alikuwa Kabula, mtoto mgongoni, akifagia uwanja. "Limelala zizini, bwana mifugo."

Na basi la Inyonga likapita bila yeye.